Kalavati la Nani?

Kazi yangu ya kwanza halmashauri ilikuwa kushika daftari la malalamiko. Daftari kubwa la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula, safu tano: tarehe, jina, mahali, lalamiko, hatua iliyochukuliwa. Safu ya tano ndiyo iliyonifundisha kazi. Ukurasa baada ya ukurasa ilikuwa na neno lile lile: "Imepelekwa." Imepelekwa ujenzi. Imepelekwa maji. Imepelekwa afya. Sikuona hata mahali pamoja palipoandikwa "imefika".

Msimu wa mvua ulipoanza, mama mmoja aliandikisha lalamiko moja mara saba. Kalavati lililo mbele ya nyumba yake limeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Mara ya saba hakutaka hata kukaa. Aliweka mkono juu ya daftari nisiandike.

"Mwanangu," akasema, "hilo daftari limeshiba. Vaa viatu twende."

Twende tukaenda. Kalavati lenyewe lilikuwa bomba la zege la milimita 900 linalopita chini ya barabara, na mdomoni mwake kulikuwa na godoro. Godoro la sponji, limekunywa maji hadi limekuwa na uzito wa ng'ombe, limejikunja na kukaa kama kizibo. Nyuma yake matawi, chupa, kipande cha zulia, na tope lililopanda hadi karibu nusu ya bomba. Ukutani mwa nyumba ya yule mama kulikuwa na mistari ya maji, mmoja juu ya mwingine. Alinionyesha wa juu kabisa kwa kidole, ulipita kitasa cha mlango.

Nilirudi ofisini na ari ya mgeni. Nikadhani nimepata tatizo dogo lenye jibu dogo: kuna kitu kimeziba, mtu akitoe. Nikaanza na watu wa barabara. Wakaniambia wao wanatunza barabara, kalavati ni la kupitisha maji, niende mifereji. Mifereji wakanifungulia ramani: mstari wa mfereji wao unaishia pale ukuta wa kalavati unapoanza. Nikaenda usafi. Msimamizi, mtu mpole sana, akanieleza kwamba taka zao ni zile zilizo kwenye mapipa na vituo vya kukusanyia. Kitu kikishaingia majini ni cha watu wa mto. Watu wa mto wakasema huo si mto. Utakuwa mto ukifika mtoni.

Kila mmoja alikuwa na karatasi, na kila karatasi ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Laiti ningemkuta mzembe mmoja nimlaumu ningelala vizuri. Nilipigwa danadana na watu waliokuwa wanafanya kazi yao kama walivyoandikiwa.

Wiki sita zilipita. Aliyelitoa godoro mwishowe alikuwa fundi mmoja mzee wa kikosi cha barabara, aliyekaribia kustaafu na ambaye, nadhani, alishachoka kuogopa barua za onyo. Alikuja na lori, mnyororo na ndoano. Mara mbili ndoano ilichana sponji na kutoka na kipande mkononi. "La springi ni rahisi," akanieleza akiwa amesimama ndani ya maji hadi mapajani, "ndoano inashika waya. La sponji lazima ulizungushie mnyororo kama mgonjwa unayembeba." Likatoka. Kazi nzima ilichukua dakika 40. Mabishano juu ya dizeli ya lile lori, itolewe kwenye kasma ya nani, yalichukua miezi miwili.

Tangu siku ile niliacha kuitazama halmashauri kama jengo lenye idara. Niliiona kama nguo, na nguo huchanika kwenye mshono. Barabara ilitunzwa, mfereji ulitunzwa, mapipa yalizolewa. Pale vilipokutana ndipo palipokuwa na godoro.

Nilipohamishiwa dawati la mazingira nilikuta mhandisi mmoja aliyependa kufundisha. Aliniambia jambo ambalo mpaka leo ninalitumia kupimia ripoti za watu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ukishajua hilo, mvua ya milimita 30 juu ya hekta 1 ni lita 300,000. Kwenye nyasi na udongo uliokauka, sehemu kubwa huzama. Kwenye paa na lami karibu yote hukimbia, tena kwa pamoja, kwa saa moja.

Tukachukua ramani ya eneo la juu ya lile kalavati. Wakati linajengwa, kule juu kulikuwa na uwanja wa nyasi na miti. Sasa kulikuwa na maegesho ya magari, maghala mawili na nyumba nyingi ambazo ua wake umesakafiwa kwa zege hadi ukutani. Nilipekua mafaili ya vibali vya ujenzi nikitafuta nani aliruhusu kosa hilo. Sikumpata. Kila kibali kilipokaguliwa peke yake kilikuwa na haki ya kupita: paa moja, ua mmoja, maegesho ya magari machache. Hakuna kibali hata kimoja kilichoweza kumletea mtu mafuriko. Viliyaleta vyote kwa pamoja, na hapakuwa na meza ambayo kazi yake ni kujumlisha.

Mhandisi akaniongezea na lingine. Bomba likipanuliwa kipenyo mara mbili, kwa mteremko ule ule, halibebi maji mara mbili, linabeba karibu mara sita. Madiwani walifurahi sana kusikia hivyo, wakataka bomba kubwa. Lakini hesabu hiyo hiyo inageuka upande wa pili: tope likikula nusu ya bomba, unachopoteza ni kikubwa kuliko jicho linavyokuambia. Kuzoa tope kunagharimu sehemu ndogo sana ya kuweka bomba jipya. Hapo ukumbi ukapoa. Bomba jipya lina siku ya uzinduzi, lina utepe na picha. Koleo la tope halina. Kila diwani niliyemfahamu aliijua methali ya ufa na ukuta, na kila bajeti niliyoiona ilipigia kura ukuta.

Niliwalaumu madiwani kwa miaka kadhaa kwa jambo hilo, na bado nawalaumu kidogo. Ila siku moja mmoja wao aliniuliza: "Tuna makalavati mangapi?" Sikuwa na jibu. Mhandisi hakuwa nalo. Tulikuwa tunaomba hela za kutunza vitu ambavyo hatukujua idadi yake. Ikabidi tuingie barabarani kwa miguu, vijana wanne na mimi, na kopo la rangi nyeupe. Kila kalavati tuliloliona tulilipima, tukalipiga picha, tukaliandika namba kwenye ukuta wake. Karibu theluthi moja hayakuwa kwenye ramani yoyote. Mengine tuliyapata kwa kuwauliza watoto, maana wao ndio wanaojua mpira unapotelea wapi. La yule mama likawa namba 107.

Nilikuwa nikisoma usiku wakati ule, ripoti za nchi nyingine, nikitafuta mtu aliyekwisha kupata jibu. New Zealand ilinivutia. Mwaka 1989, walipopanga upya serikali zao za mitaa, mipaka ya halmashauri za mikoa waliichora kwa kufuata zaidi mabonde ya mito. Yaani waliyauliza maji yanakwenda wapi kwanza, kisha ndipo wakaweka ofisi. Mwaka 1991 sheria yao ya usimamizi wa rasilimali ikazipa halmashauri hizo kazi ya kutoa vibali vya kuchota maji na kumwaga maji taka. Nilidhani hapo ndipo penyewe. Bonde moja, mlinzi mmoja.

Kisha nikasoma habari za Havelock North, mji wa watu kama 14,000 katika nchi hiyo hiyo. Agosti 2016 mvua kubwa ilinyesha, maji yaliyobeba kinyesi cha kondoo yakaingia bwawani karibu na visima vya mji, yakapenya hadi kwenye maji ya ardhini, na visima vikayapampu. Maji yalikuwa hayatiwi klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu yaliaminiwa kuwa safi tangu ardhini. Zaidi ya watu 5,000 waliugua. Tume iliyochunguza ilikuta, pamoja na mengine, kwamba halmashauri ya mkoa iliyopaswa kulinda maji ya ardhini na halmashauri ya wilaya iliyoyasambaza hazikuwa na ushirikiano wa kutosha. Mmoja analinda chanzo, mwingine anafungua bomba, na katikati yao kondoo.

Nilicheka, ile ya uchungu. Kumbe hata ukichora mipaka kwa akili, mshono unabaki, umehamia tu pengine.

Na nisingeandika habari za wengine bila kusema yangu. Maabara ilikuwa ikituma majibu ya vipimo vya maji kwa karatasi, na bahasha moja ililetwa mezani kwangu kwa makosa, kwa sababu juu yake paliandikwa "Mazingira". Nilikuwa uwandani siku hizo nikihesabu makalavati, nimejaa rangi na majivuno. Bahasha ilikaa kwenye trei yangu siku nne. Nilipoifungua niliona mstari mmoja umepigiwa duara: sampuli ya bomba la mwisho wa laini ilikuwa na E. coli, bakteria wa kinyesi. Kipimo cha maji ya kunywa ni kwamba bakteria huyo asionekane hata mmoja katika mililita 100. Pembeni, klorini iliyobaki ilikuwa chini ya miligramu 0.2 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka maji yasishuke chini yake yanapomfikia mtumiaji.

Nilikimbia ngazi. Mkuu wa maji alisoma, akaniangalia, akauliza tu, "Imekaa siku ngapi?" Nikamwambia. Hakunifokea. Alinyanyua simu akaanza kutoa amri, na mimi nikabaki nimesimama pale kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Waliongeza dozi ya klorini, wakasafisha laini, wakapita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wachemshe. Sampuli ya marudio ilitoka safi na hatukupata taarifa ya mgonjwa. Ilikuwa bahati, wala sitaiita kitu kingine. Watu wa laini ile walikunywa siku nne za trei yangu.

Baada ya hapo tulikubaliana na maabara kwamba jibu baya linapigiwa simu kabla ya kuandikwa, na linapigiwa watu wawili, si mmoja. Hakikuwa kifaa wala programu. Karatasi ya nusu ukurasa na namba mbili za simu.

Tukio lile lilinifanya nianze kutembelea vituo vya pampu, ingawa havikuwa eneo langu. Kwenye kimoja nilifungua kitabu cha kumbukumbu za klorini. Jumatatu 0.5. Jumanne 0.5. Jumatano 0.5. Wiki tatu nzima 0.5, asubuhi na jioni, mwandiko mmoja, kalamu moja, wino wa rangi ile ile. Maji ya kweli hayatulii hivyo. Yanapanda na kushuka kama homa. Na nilikuwa nimeshasoma kuhusu Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada, ambako Mei 2000 mvua iliingiza samadi kisimani, watu 7 wakafa na kama 2,300 wakaugua. Uchunguzi ulionyesha kuwa waendesha mitambo walikuwa na mazoea ya kuandika vipimo vya klorini ambavyo hawakuvipima.

Nikamuuliza mwendeshaji. Alikuwa kijana, macho mekundu ya zamu ya usiku. Hakukana. Alifungua droo akanionyesha kopo tupu la vidonge vya kupimia, na chini yake nakala tatu za fomu ya kuomba vingine. Ya kwanza ilikuwa ya zamani kuliko wiki zile tatu. "Bosi," akasema, "nikiacha nafasi wazi naitwa mvivu. Nikiandika nashukuriwa." Niliondoka na zile nakala. Vidonge vilifika siku ya pili, maana vilikuwepo stoo muda wote. Stoo walikuwa wanasubiri sahihi ya mtu aliyekuwa likizo.

Nimekutana na watu wengi wanaodhani tatizo la huduma za umma ni wizi. Wizi upo, sitajifanya sikuuona. Lakini kwa kila shilingi niliyoona ikiibwa, niliona nyingi zaidi zikivuja kupitia fomu iliyokaa kwenye trei, kwangu ikiwemo. Na kuvuja huku hakuna anayekamatwa.

Mambo mengine yalikuwa mepesi kuliko nilivyotarajia. Kutafuta mabomba yanayovuja, kwa mfano. Watu wa maji wanasoma mita kuu kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati karibu kila mtu amelala. Mtiririko unaobaki saa hizo mwingi wake ni uvujaji. Wanafunga vali moja moja, eneo kwa eneo, hadi mshale wa mita ushuke ghafla. Nilikwenda nao usiku mmoja. Yule mwenye uzoefu aliweka chuma kirefu juu ya bomba, akaegemeza sikio kwenye ncha, akafumba macho, akasema, "Hapa." Walichimba asubuhi, palikuwa pale.

Dampo halikuwa jepesi, lakini sitalizungumza sana kwa sababu halmashauri yetu haikulimaliza. Tulijifunza tu kwamba kinachonuka, kinachotoa gesi ya methani na kinachochuruzisha yale maji meusi kwenda ardhini ni kile kile, mabaki ya vyakula na majani, na kwamba yakitengwa mapema robo tatu ya ugomvi na majirani wa dampo inaisha. Kuyatenga ndiyo kazi. Tulijaribu, tukaacha, tukajaribu tena.

Vikao vya wananchi navyo. Kwa miaka tuliviita saa nne asubuhi siku za kazi, kisha tukaandika kwenye taarifa kwamba mwitikio ulikuwa mdogo. Waliokuja ni wastaafu na wenye viwanja vya kuuza. Tulipohamishia jioni, ukumbi ulijaa na kelele zikawa kelele kweli. Mtu mmoja alisimama akauliza kwa nini lori la taka linapita mtaani kwake Jumanne wakati soko linafunga Jumatano, na taka za soko zinakaa siku sita zikingoja. Afisa usafi alifungua mdomo, akaufunga. Ratiba ile ilipangwa kabla soko halijajengwa. Tuliibadilisha wiki hiyo hiyo, bila mradi, bila mshauri mwelekezi. Mimi bado najiuliza tulikuwa tunawalipa washauri kwa ajili ya nini.

Nilipoondoka dawati lile nilimkabidhi kijana mwingine daftari. Lilikuwa jipya, lakini nililipiga mistari mwenyewe. Safu ya tano niliifuta "hatua iliyochukuliwa", nikaandika "yuko kwa nani", na sheria ilikuwa moja: linaandikwa jina la mtu, si la idara. Idara haipokei simu. Makalavati nayo yalikuwa yamepata mwenyewe. Baada ya kikao kirefu na cha kuchosha, wakubwa walikubaliana kwamba kalavati lote, na mita kumi juu yake na mita kumi chini yake, ni la kikosi cha barabara, godoro likiwemo, dizeli ikiwemo. Watu wa barabara walinuna kwa mwaka mzima.

Msimu wa mvua uliofuata simu yangu iliita alfajiri. Sikuwa na dawati lile tena, lakini namba yangu yule mama alikuwa nayo. Hakusalimu.

"Mia na saba," akasema. "Limeingia lingine."

Nikakaa kitandani, nikitafuta kalamu.

"Mama, la sponji au la springi?"